Sahani ya Mwenye Mji

Mama Wegesa alikuwa haingii jikoni. Kuna watu hawaingii baa, kuna wengine hawaingii kanisani. Yeye alikuwa haingii jikoni, na mji mzima ulijua. Nikisema mji nina maana ya mji wetu, nyumba tatu, zizi na ghala, kule Nyansurura, siyo mji wa taa za barabarani. Mji huo ulikuwa wake. Ng'ombe walikuwa wake, shamba lilikuwa lake, na mimi Christina pia nilikuwa wake, kwa sababu ndiye aliyenioa.

Ngoja nieleze kabla hujakunja uso. Kwetu Wakurya, mwanamke aliyefiwa na mume na hana mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Msichana akizaa na mwanaume aliyekubalika, watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama, wanabeba jina lake, na nyumba haifi. Wapo walioniuliza kwa sauti ya huruma kama sikuonewa. Huwa nawauliza na wao walioolewa na wanaume, huko kwao mambo yakoje, na hapo mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mahindi. Mama Wegesa hajawahi kuninyooshea mkono. Akitaka kuuza ng'ombe ananiambia kabla mnunuzi hajafika. Watoto wangu wamelala kifuani kwake kuliko walivyolala mgongoni kwangu. Ugomvi wetu mmoja tu ulikuwa chumvi. Kila siku alisema naweka nyingi.

Kwa kuwa ndiye mwenye mji, alikula mbele, barazani, pamoja na wageni. Mwenye mji hali peke yake. Mgeni akitokea, analetewa maji, ananawa, anakaribia sinia lile lile. Nyama anagawa mwenye mji, anaanza na mgeni, mwenyewe anachukua ya mwisho. Jikoni kulikuwa kwangu na watoto, na wanaume hawakukanyaga huko, maana kwetu mwanaume aliyetoka jando akionekana anachungulia sufuria atachekwa mpaka azeeke.

Ilikuwa desturi nzuri, mpaka dhahabu ilipolipuka upande wa Busawe. Mtu mmoja aliokota jiwe kwenye korongo, na baada ya muda mfupi korongo lote likawa maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji, na karasha zikawa zinasaga mawe kutwa nzima, vumbi linatua juu ya mihogo yangu niliyoanika. Rashi ile, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, ilileta watu wa Geita, watu wa Kahama, watu wa ng'ambo ya mpaka. Njia ya kwenda kwenye maduara ilipita mbele ya mji wetu. Kila ndugu ambaye hatukumwona hata kwenye misiba alikumbuka ghafla kwamba ana shangazi Nyansurura. Werema, mtoto wa kaka yake Mama Wegesa, alitoka upande wa Kenya akasema anapita tu. Alipita mpaka suruali zake zikawa na nafasi yao kwenye kamba yangu ya kuanikia.

Katikati ya pilikapilika hiyo ndipo Mama Wegesa alipougua. Uvimbe wa titi alikuwa ameuficha ndani ya kanga kwa muda asioutaja hadi leo. Hospitali ya Mugumu walitutuma Mwanza, Mwanza wakachukua kipande cha uvimbe wakapima, wakatuambia ni saratani. Wakatoa titi. Kisha wakasema kazi haijaisha, zitafuata dripu za dawa kali, moja baada ya nyingine, na katikati mwili unapewa nafasi ya kupumua.

Huko Mwanza ndiko tulikokutana na Faudhia. Alikuwa afisa lishe wa wagonjwa wa saratani, msichana wa Tanga mwenye ushungi uliopigwa pasi na macho yasiyo na haraka. Alimwamkia Mama Wegesa shikamoo, akamuuliza huyu aliyekuja naye ni nani.

"Mke wangu," Mama Wegesa akasema.

Faudhia alinitazama, akamtazama yeye, nikajua anajiuliza kama ni dawa ya usingizi haijatoka vizuri kichwani. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo lililomhusu: nani anapika. Nikasema mimi. Basi akageuza kiti kidogo ili atuone wote wawili.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila mgonjwa aliambiwa aje na mfuko wenye kila kitu anachoweka mdomoni kisicho chakula cha kawaida: vidonge vya dukani, mizizi, maganda, unga wa kopo, chochote. Alisema hatamcheka mtu wala kumgombeza, ila asichokijua ndicho kinachomtisha. Sisi tulikuwa na maganda ya mti kutoka kwa jirani, na kopo la Olima.

Olima alikuwa Mjaluo wa Sirari aliyekuwa akizunguka kwenye maduara na begi la makopo ya virutubisho. Niseme haki yake, hakuwa tapeli. Unga aliouza aliunywa na yeye, na mama yake mzazi alimnywesha. Aliuamini kabisa, na mtu anayeamini bidhaa yake ni mgumu kumkatalia.

Faudhia aligeuza kopo, akasoma, akaligeuza tena. Akasema hajui kilichomo, kwa sababu kopo lenyewe halisemi. Limeandika tu kwamba ni mimea mingi yenye nguvu. Akaenda nalo kwa mfamasia, akarudi, akasema mfamasia naye hajui. Nilimpenda hapo hapo. Nimekaa na watu wengi wanaojua kila kitu, na nimechoka nao.

Akatueleza kwamba dawa ya dripu inapimwa kulingana na mwili wa mgonjwa mwenyewe, na mitishamba mingine inaweza kuipunguza nguvu, mingine inaweza kuizidisha, na ini ndilo linalobeba mzigo wote. Kwa hiyo kopo na maganda vipumzike mpaka matibabu yaishe. Mama Wegesa akamwambia kuna mtu kamkataza nyama na sukari, eti vinalisha ugonjwa. Faudhia akasema ugonjwa haungoji sukari yako, unakula mwili wenyewe, na mwili usiopewa chakula hautahimili dripu. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Mayai yaliyoiva vizuri, maziwa yaliyochemshwa, karanga za kusaga ndani ya uji, dagaa, kuku. Akionja ladha ya chuma mdomoni, atumie kijiko cha mti.

"Na kichuri?" Mama Wegesa akauliza.

Faudhia hakukijua. Nikamwambia ni mchuzi mchungu, tunautengeneza kwa majani yanayotoka tumboni mwa mbuzi aliyechinjwa, tunachovyea nyama choma. Akasema kwa adabu kubwa kwamba kichuri nacho kipumzike, kisiwe na vijidudu wakati kinga ya mwili iko chini. Mama Wegesa alikubali kopo na maganda bila neno, lakini kichuri kilimuuma.

Nilirudi nyumbani na ari mpya. Nilitenga kuku wa mayai, nikasaga karanga, nikanunua dagaa wa Musoma. Uji ulitoka jikoni, mayai yalitoka jikoni, kuku alitoka jikoni, yote yakaenda mbele, na sahani zikarudi safi. Nilifurahi kama mjinga. Dripu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kila safari mzani ulishuka kidogo, nikajiambia ni dawa, watu wote wanaopewa dripu hupungua. Safari ya tatu daktari aliangalia damu, akaangalia mzani, akasema hapana. Mwili umekwisha. Hawezi kuweka dawa kali kwenye mwili kama huu. Turudi baada ya wiki mbili, na kama atakuwa ameongeza chochote, ataendelea.

Nje ya chumba cha daktari Mama Wegesa alifunga kilemba chake vizuri, maana nywele zilikuwa zimekwisha, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani: "Nikirudishwa tena sirudi huku. Nitakaa kwangu, nitakunywa dawa ya Olima, yatakayokuja yaje."

Mama Wegesa si mtu wa kusema tu. Aliposema ataoa, alioa, na ndugu za mumewe walikasirika mpaka wakakauka. Kwa hiyo niliogopa. Sikuogopa kuachiwa mji, wala kusemwa. Niliogopa kuamka asubuhi yeye hayupo.

Tulipelekwa tena kwa Faudhia. Aliniuliza mimi kwanza, jana mama alikula nini. Nikataja kwa majivuno: uji wa karanga na maziwa, kisha mayai na viazi vitamu, mchana kuku, jioni dagaa na ugali laini. Akamgeukia Mama Wegesa akamuuliza kama ni kweli.

"Nililetewa vyote," Mama Wegesa akasema.

"Nashukuru, mama. Ulivila?"

Mama Wegesa alitazama dirisha. Faudhia hakumharakisha. Alivuta kiti karibu, akauliza kwa upole kama anayeuliza habari za nyumbani. "Unapokula, unakula na nani?"

Hapo ndipo yalipotoka. Yai moja la Werema, la pili la mchimbaji yeyote aliyepita kuomba maji. Paja la kuku la yule mtu wa Geita anayechimba karibu na Werema. Maziwa ya wajukuu, yaani watoto wangu. Yeye alichukua ugali na mchuzi, akautafuna taratibu sana, ili mgeni asione mwenye mji amemaliza akaona haya kuendelea. Kila kitu nilichopika kwa ajili ya mwili wake kilikuwa kinateremka kwenye maduara ndani ya matumbo ya watu wengine. Nilitaka kumpiga mtu. Nikatafuta wa kumpiga nikaona hayupo, wote walikuwa Nyansurura wanangoja chakula cha mchana.

"Mimi ni mwenye mji," Mama Wegesa akasema. "Mtu ananawa mikono mbele yangu, mimi nifunike sahani?"

Faudhia hakusema afunike. Alisema hata kwao Tanga mgeni hafukuzwi kwenye sinia, na kwamba kosa ni lake yeye. Alitufundisha cha kupika asiulize chakula kinapita wapi mpaka kifike mdomoni. Akafikiri. Akauliza kama kuna mahali katika mji wetu ambapo mgeni hafiki. Chumbani? Nikasema chumbani hakuna dirisha la maana, harufu ya chakula ikikaa humo atatapika usiku kucha. Kisha nikasema, kwa sababu ilikuwa kweli na hakuna mwingine wa kuisema, kwamba wageni wetu ni wanaume, na wanaume hawaingii jikoni.

"Moshi hautamsumbua?" Faudhia akauliza.

"Ukuta unaishia kiunoni. Upepo unapita."

Mama Wegesa alisimama. Alimshukuru Faudhia, akamtakia kazi njema, akatoka. Kutoka Mwanza mpaka Bunda alinipa mgongo. Bunda alinunua mayai ya kuchemsha dirishani mwa basi, nikashukuru Mungu, halafu akampa mtoto aliyekaa jirani na sisi. Niligeukia upande wa pili nisije nikasema neno la kunirudia.

Nyumbani nilijaribu njia yangu, ambayo siku zote ndiyo ya moja kwa moja. Nilimfuata Werema kisimani nikamwambia, mura, yaani kijana, lile yai unalokula ni dawa ya shangazi yako. Werema si mtu mbaya, ana njaa tu. Alishtuka. Jioni alikataa chakula, akasema tumbo linamuuma. Mama Wegesa alimtazama, akanitazama mimi, akajua. Aliniambia nimemwaibisha mbele ya mtoto wa kaka yake, akaagiza kuku mwingine achinjwe, na kuku huyo Werema alilazimishwa kumla karibu wote. Hivyo ndivyo msaada wangu ulivyosaidia.

Kesho yake nilipika mayai nikayaacha jikoni chini ya kawa, nikaenda mbele nikamnong'oneza kwamba yapo. Hakuja. Yalipoa. Sikumpa mtoto wala mbwa. Niliyaacha pale nikawa nayatazama kwa hasira. Siku mbili zikapita hivyo, na wiki ya kwanza ikaisha.

Kumbe naye alikuwa na mpango wake. Alikuwa amemtumia Olima ujumbe alete kopo kubwa. Alinieleza mwenyewe, kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake zote. Kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, chumbani, mara moja asubuhi. Hakina harufu, hakigawanywi, hakimwaibishi mgeni, wala hakimpeleki mtu jikoni. Nikamkumbusha maneno ya Faudhia. Akasema Faudhia ni mtoto mzuri lakini hana mji.

Olima akaja na bodaboda, begi mgongoni, jasho linamtiririka. Alikuwa mgeni, nami nilipika kama anavyopikiwa mgeni: kuku, mayai ya kukaanga, ugali. Nilipeleka sinia mbele, nikasimama mlangoni na birika la maji. Mama Wegesa akagawa. Paja kwa Olima. Yai kwa Olima. Kwake mwenyewe akaweka shingo.

Olima akaanza kueleza, na alieleza vizuri. "Hii mama, kijiko moja tu asubuhi. Mwili inapata kila kitu. Huna haja hata ya kusumbuka na chakula." Huku anaeleza, paja likaisha. Yai likaisha. Akageuza upande wa pili wa sinia, akapata kipapatio, akaeleza habari za damu kusafishwa. Ugali ukawa mdogo, akanitazama kwa haya, nikaongeza.

Mama Wegesa alikuwa ameacha kula. Alikuwa anatazama mkono wa Olima unavyokwenda na kurudi.

"Olima, mwanangu," akasema. "Na wewe leo umekunywa huu unga?"

"Kila asubuhi, mama. Hiyo siwezi kosa."

"Na bado una njaa."

Mkono wa Olima ukasimama hewani. Kisha akacheka, kicheko cha mtu mkweli aliyekamatwa. "Mama, si unajua kutembea na huu mzigo kwa jua. Tumbo ni tumbo."

Mama Wegesa hakucheka. Aliniambia nimwongezee mchuzi. Walipokwisha kunawa alimrudishia kopo, akamwambia alitunze, watu wa Mwanza wakimaliza kazi yao na wakajua kilichomo, atamwita. Olima hakuchukia. Alikuwa ameshiba, akaondoka anatushukuru, nusu nzima ya njia tulimsikia anaimba nyuma ya bodaboda.

Jua lilipoanza kuinama nilikuwa jikoni napepeta ulezi. Kivuli kikaingia. Mama Wegesa alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye nguzo, anatazama juu.

Akasema amekuja kuangalia paa kama linavuja.

Ilikuwa kiangazi; mvua hatukuwa tumeiona siku nyingi. Nikasema ni kweli, paa linahitaji kuangaliwa. Akaliangalia sana. Nikasukuma kigoda kwa mguu, bila kumtazama, nikaendelea kupepeta. Baada ya muda nikasikia kigoda kinalia.

Nilikaanga mayai mawili yakaiva vizuri, nikayaponda na karanga, nikayaacha yapoe, nikampa kijiko cha mti. Alilishika lile bakuli lakini hakula. Akaanza kusema, na kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuniambia habari zake za zamani, alisema mengi.

Alisema mume wake alikuwa na wake wawili. Yule mwingine alizaa wavulana, yeye hakuzaa mvulana. Wakati wa chakula mke mwenzake alikaa na wanawe, yeye aliambiwa akae pale pale jikoni, karibu na majivu, ale kitakachobaki kwenye sufuria. Alikwangua sufuria miaka yote ya ujana wake. Siku alipowatoa ng'ombe kwa baba yangu aliapa kwamba hatakaa tena jikoni. Atakaa mbele, na atakayefika kwake hatakula makombo.

"Ndiyo maana nawapa," akasema. "Si kwamba sina njaa."

Nilimwambia kile nilichokuwa nacho. "Mama, lile lilikuwa jiko la mke mwenzako. Hili umelijenga wewe. Na hicho siyo kilichobaki, hicho ndicho cha kwanza."

Kisha akala. Alikula akikodolea mlango macho, na sauti ya Werema iliposikika uani alifunika bakuli kwa upindo wa kanga kama mwizi wa maembe. Lakini alimaliza.

Tangu hapo paa letu likawa linaangaliwa asubuhi, linaangaliwa saa nne, linaangaliwa mchana na jioni. Uji, mayai, maziwa, dagaa wa kusaga, kidogo kidogo, kama alivyosema Faudhia. Siku nyingine mdomo ulikataa na tukamaliza kwa ndizi mbivu nusu. Wageni walipofika alikwenda mbele kama kawaida, akakaa kwenye kiti chake, akagawa, akamega tonge la heshima na tumbo limekwisha kuridhika. Heshima yao haikupungua hata chembe. Werema aliwahi kuniuliza kwa wasiwasi kama paa la jiko limeharibika sana, maana anaweza kupanda kulitengeneza. Nikamwambia hilo ni paa la wanawake.

Wiki mbili zilipoisha tulikwenda Mwanza. Alipopanda kwenye mzani nilifumba macho. Muuguzi alisoma, daktari akasoma, akatazama na majibu ya damu, akasema: kidogo, lakini imepanda. Twende. Dripu ya tatu ikawekwa. Nilikaa kando yake nikihesabu matone mpaka nikasinzia kwa furaha.

Faudhia alipita kutuona. Aliuliza tulifanyaje.

"Nilikuwa nakagua paa," Mama Wegesa akamwambia.

Faudhia alinigeukia mimi nimfasirie. Nilicheka tu. Nadhani alielewa, kwa sababu alimgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kisukuma, na swali lake la kwanza lilikuwa, nyumbani anakula na nani.

Tulirudi, na zile siku mbaya za baada ya dripu zikaja, zikapita. Asubuhi moja hamu ya kula ikamrudia, akaja jikoni mwenyewe bila kusingizia paa, akakaa kwenye kigoda. Nilimpa mayai na uji. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza tuliposikia watu mbele, kundi zima, na sauti ya Werema inaita. "Shangazi yuko wapi? Kuna wageni wamekuja."

Kwa mazoea nikashika upindo wa kanga nifunike bakuli. Mama Wegesa akauondoa mkono wangu. Akanyoosha shingo juu ya ule ukuta mfupi, akapaza sauti ile aliyokuwa anaitia ng'ombe.

"Niko jikoni. Nakula."

Kisha tukamsikia Werema akiwaambia wale watu wakae, wasubiri, mwenye mji anakula. Viti vikaburutwa, mtu mmoja akakohoa, wakakaa.

Mama Wegesa alichota tena kwa kijiko cha mti, akatafuna, akakunja uso. Nikaanza kujitetea hata kabla hajafungua mdomo, kwamba leo nimeweka kidogo tu.

"Christina," akasema, "ongeza chumvi."